Ukiumia kazini Lubumbashi, andika saa kabla damu haijakauka

Kwa miaka 11 nilikuwa pwanteri wa atelie (karakana) moja ya vyuma huku Kampemba, komini (wilaya) mojawapo ya Lubumbashi, Kongo. Pwanteri ni yule anayekaa karibu na geti na daftari kubwa, anayeweka nukta mbele ya jina lako saa moja asubuhi. Usipowekewa nukta, siku hiyo hukufanya kazi, hata kama mgongo wako unakuambia vingine. Vijana waliniita Mama Nukta, wengine kwa upendo, wengine la. Lakini ukikaa na daftari muda wote huo unaona jambo moja: mtu aliyeumia kazini hakosi haki yake kwa sababu sheria haipo. Sheria ipo, tena si mbaya. Anaikosa siku ileile aliyoumia, kati ya ajali na jua kuzama, kwa sababu hakuna aliyeandika.

Nianze na kosa langu mwenyewe.

Ulikuwa msimu wa mvua. Kijana mmoja wa Katuba, wa kazi ya siku kwa siku, alikuwa anasawazisha ukingo wa bomba kwa mashine ya kusaga chuma. Jiwe la mashine likapasuka, likamkata mkono wa kushoto. Tukamfunga kwa kitambaa changu cha kichwa, akapakiwa kwenye gari. Nusu saa baadaye shefu alikuja mezani pangu, akafunua daftari, akaweka kidole kwenye jina la yule kijana. "Mama, huyu leo hakuja." Nukta yake nilikuwa nimeiweka saa moja. Nilichukua kirekta nyeupe, ule wino wa kufutia, nikaifunika nukta. Nilikuwa na watoto wanne na kodi ya nyumba, nikajiambia kwamba nukta moja si kitu.

Wiki tano baadaye tuliitwa wote kwa inspekta wa kazi, yule mkaguzi wa serikali. Kijana alikuwa na karatasi mbili tu. Inspekta aliomba daftari. Alilipeleka dirishani, akaliinua kwenye mwanga, na ile nukta ikaonekana chini ya kirekta kama mbegu ndani ya papai. Akaniangalia. Hakuuliza swali. Nikasema: "Alikuja. Niliiweka, nikaifuta."

Akaanza kuhesabu nukta nyingine za yule kijana, ukurasa baada ya ukurasa. Zilikuwa 31 katika miezi miwili. Hapo ndipo nilipojua kwamba daftari langu lilikuwa limebeba mambo makubwa kuliko mimi. Nitayaeleza hapa chini.

Dakika za kwanza

Matibabu kwanza, hilo halina mjadala. Lakini kama bado una pumzi ya kuzungumza, au kama una mwenzako wa kukusemea, kuna mambo ya kufanya kabla hujatoka getini.

Mwambie mkubwa wako, mbele ya watu. Usimwambie pembeni. Sema kwa sauti: nimeumia, hapa, nikifanya kazi hii. Kama kazini kwenu kuna delege wa sendika, yaani mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, aitwe hapo hapo. Kampuni kubwa huwa na kamati ya usalama na usafi kazini, na mara nyingi delege yumo ndani yake, kwa hiyo anajua karatasi zinakaa wapi.

Kisha tuma ujumbe kwa simu. Hata kama umeshamwambia shefu kwa mdomo, tuma. Maneno ya mdomo hupotea hewani, lakini ujumbe una tarehe na saa ambazo hakuna mtu atakayezifunika kwa kirekta. Uwe mfupi, bila hasira, hivi:

"Shefu, leo tarehe 12, saa 10:10 asubuhi, nimeumia mkono wa kushoto nikitumia mashine ya kusaga chuma, atelie namba 2. Walioona ni fulani na fulani. Ninapelekwa hospitali. Ninaomba ajali hii itangazwe CNSS na kwa inspekta wa kazi."

CNSS ni kasa, yaani mfuko, ya taifa ya hifadhi ya jamii; nitaieleza hapa chini. Saa iandike kwa tarakimu, kama ilivyo kwenye simu. Hapa kwetu tunachanganya saa ya Kiswahili na saa ya Kifaransa. Mama yangu akisema saa nne asubuhi, mjukuu wake aliyesoma kwa masista anasikia alfajiri. Nimeona faili lenye ajali iliyotokea saa nne kwa shahidi mmoja na saa kumi kwa mwingine, na wote wawili walisema kweli. Mwanasheria wa kampuni aliifurahia sana tofauti hiyo.

Piga picha. Mashine, mahali, damu sakafuni kama ipo, kinga iliyokuwapo au isiyokuwapo. Ukishindwa, mwombe mwenzako apige na akutumie siku hiyo hiyo, maana kesho sakafu itakuwa imeoshwa na mashine imefungwa kinga mpya inayong'aa.

Mashahidi nao chukua majina na namba zao mapema. Nisiwadanganye: watu wanaogopa, na hofu yao ina sababu. Siku ya kwanza kila mtu yuko upande wako, wanakubeba, wanalia. Wiki ya tatu ukipiga simu, mmoja yuko Kolwezi, mwingine hakuona vizuri. Siwalaumu, mimi nilikuwa na kirekta mkononi. Kwa hiyo usimwombe mwenzako akupiganie. Mwombe kitu kidogo anachoweza kukitoa leo: mistari miwili kwa mkono wake, nilikuwa pale, niliona hivi, tarehe na sahihi. Mtu anayeogopa kusimama mbele ya patroni, yaani mwajiri, anaweza kuandika mistari miwili jioni nyumbani kwake.

Hospitalini, neno moja

Ukifika kwa nesi, atakuuliza una nini. Wengi hujibu "nimekatwa mkono." Nesi anaandika jeraha, mkono wa kushoto, basi. Karatasi hiyo haisemi ulikatwa ukiwa wapi. Huenda ulikuwa unakata mkaa nyumbani.

Mwambie: "Ni ajali ya kazini." Kisha angalia alichoandika. Karatasi zetu ziko kwa Kifaransa, kwa hiyo yajue kwa macho maneno haya matatu: *accident de travail*. Yakiwapo kwenye fishi (karatasi) ya kuingilia, pamoja na tarehe, saa na jina la kazi yako, umepata nusu ya faili lako. Yasipokuwapo, omba kwa upole yaongezwe wakati huo huo. Daktari hatakubali kuyaongeza baada ya mwezi mmoja, na ana haki ya kukataa.

Usitoke bila sertifika (cheti) ya daktari inayosema umeumia nini na utapumzika siku ngapi. Kila siku za mapumziko zikiongezwa, upate karatasi mpya. Risiti zote weka: dawa, picha ya eksirei, hata nauli ya kurudi kufunga kidonda. Kama patroni amekupeleka kwenye zahanati ya kampuni na wanakuambia faili linabaki kwao, piga picha kila ukurasa kwa simu kabla ya kulirudisha.

Ni nini hasa kinachoitwa ajali ya kazini

Sheria inayotuhusu ni ile namba 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016, ya hifadhi ya jamii. (Siku hiyo hiyo yalitiwa sahihi pia mageuzi ya kodi ya kazi na ya kodi ya familia; kodi hapa ni kitabu cha sheria, *code* kwa Kifaransa, si pesa ya serikali wala ya nyumba. Na ile ya familia itarudi hapa chini, kwa sababu mauti nayo huomba karatasi.) Kwa sheria hiyo, ajali ya kazini ni ile inayokupata kwa sababu ya kazi au ukiwa kazini, *iwe kosa ni lako au si lako*.

Soma tena hayo maneno ya mwisho. Sentensi niliyoisikia mara nyingi zaidi kwenye meza yangu ya geti ni "hukuvaa glovu, kwa hiyo hakuna kitu." Si kweli. Uzembe wako unaweza kukuletea barua ya onyo, lakini hauifanyi ajali iwe ya nyumbani. Anayekosa ni yule aliyejiumiza kwa kusudi. Kijana wa Katuba hakuwa na glovu, hilo ni kweli; na atelie haikuwa na glovu za kumpa, hilo nalo ni kweli. Inspekta hakupoteza hata dakika moja kwenye habari ya glovu.

Njia ya kwenda na kurudi imo pia: kutoka nyumbani hadi kazini, na kurudi, mradi hukuikatiza wala kuigeuza kwa mambo yako. Hapo niliumia mimi mwenyewe, tena mara mbili kwa siku moja. Nilikuwa ninatoka kazini kwenda kwangu Kenya (komini ya hapa Lubumbashi, si ile nchi), lakini jioni ile nilipitia kwanza Ruashi, komini nyingine, kumwona shangazi. Teksi-basi ikagongana na lori kule, nikavunjika mfupa wa bega. Niliulizwa swali moja: "Mama, nyumbani kwako ni Ruashi?" Nikasema hapana. Ikaishia hapo. Ningeumia kwenye njia yangu ya kila siku, bega lingekuwa bega la kazi. Sikudanganya, na wala sikushauri udanganye, kwa sababu teksi-basi hujaa watu wenye macho. Ila jua mahali mpaka ulipo.

Magonjwa ya kazi yanakwenda kwa sheria hiyo hiyo. Vumbi la mawe linalokaa kwenye mapafu ya watu wa migodi, silikosi, halina saa 10:10. Linakuja baada ya miaka. Anayefanya kazi ya vumbi atunze kila karatasi ya kazi tangu ya kwanza, hata za kampuni zilizokwisha kufa, na kila karatasi ya daktari wa kazi.

Nani analipa

Wazee bado wanasema INSS. Ilikuwapo tangu 1961. Mwaka 2018 ikawa CNSS, Kasa ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii. Patroni anatakiwa kuiandikisha kampuni yake, kukuandikisha na wewe upate namba yako, na kulipa kila mwezi.

Tuchukue mshahara wa dola 300, ili hesabu iwe rahisi. Kwa pensheni, wewe unakatwa asilimia 5, yaani dola 15, na patroni anaweka nyingine 15. Kwa familia anaweka asilimia 6.5, yaani dola 19.50. Kwa ajali na magonjwa ya kazi anaweka asilimia 1.5, yaani dola 4.50, na hii ni yake peke yake. Hakuna hata franka moja ya ajali inayotoka mfukoni mwako. Kwa hiyo patroni akikuambia "wewe hujalipa bima ya ajali," mjibu kwa heshima kwamba si wewe unayeilipa.

Dola nne na nusu kwa mwezi. Nilipoijua hesabu hiyo, niliwaza ile kirekta. Kilikuwa kinafichwa kitu cha bei ya kuku mmoja.

Angalia karatasi yako ya mshahara. Ikiwa wanakukata asilimia 5 lakini huna namba ya CNSS, pesa zako zinakwenda mahali pengine. Usingoje ajali ili kujua. Nenda ofisini kwa CNSS hapa mjini na kitambulisho chako na karatasi za mshahara, ulize kama jina lako limo na kama patroni analipa. Ni asubuhi moja tu, nenda na kitu cha kusoma.

"Mimi ni wa siku kwa siku"

Sentensi hii inawafunga midomo vijana wengi kuliko hofu. Wanadhani haki ni ya wenye kontra (mkataba wa kazi) na fulana ya kampuni. Sheria ya hifadhi ya jamii inamshika kila mfanyakazi aliye chini ya kodi ya kazi, bila kujali aina ya kontra.

Na kodi ya kazi yenyewe, ya tarehe 16 Oktoba 2002, ina kifungu cha 40. Mtu wa siku kwa siku akishafanya siku 22 za kazi ndani ya miezi miwili, kisha akachukuliwa tena kabla ya miezi hiyo miwili kwisha, kontra yake inahesabiwa kuwa ya muda usio na mwisho. Hakuna haja ya karatasi wala sherehe. Ndiyo maana inspekta alihesabu nukta zangu. Thelathini na moja. Shefu alikuwa ameleta mwanasheria wa kusema kwamba kijana ni mpita njia, kumbe kwa sheria alikuwa mfanyakazi wa kudumu wa atelie kwa wiki kadhaa, na hakuna aliyejua, hata yeye.

Kwa hiyo: daftari la shule la kurasa 48, na kalamu. Kila siku unayofanya kazi andika tarehe, mahali, jina la aliyekuchukua, ulicholipwa. Ukilipwa kwa simu, usifute ujumbe. Daftari lako peke yake si ushahidi wa mwisho, lakini daftari lililoandikwa kila siku, kwa kalamu tofauti, na madoa ya sombe (kisamvu), linaaminika kuliko kumbukumbu.

Kama uko kwenye kampuni ndogo inayochukua kazi kwa kampuni kubwa ya mgodi, wale wa sutretansi, jua jina la nani aliye kwenye karatasi yako ya mshahara. Mara nyingi fulana ina jina la mgodi na mshahara una jina lingine. Patroni unayemdai kwanza ni yule anayekulipa. Lakini ajali ikitokea ndani ya mgodi, ripoti ya usalama ya mgodi nayo ni ushahidi wako. Omba iwekwe kwenye faili.

Wachimbaji wa mikono, kreseri, habari yao ni nyingine. Hawana patroni kwa maana ya kodi ya kazi; wamo kwenye koperative, yaani ushirika. Kaka zangu wawili wako huko na ningependa kuwa na jambo zuri la kuwaandikia hapa.

"Tutamalizana hapa hapa"

Jioni ya ajali, au kesho yake, mtu atakuja nyumbani na bahasha. Atakuwa mpole sana. Atamsalimia mama yako, atakula bukari (ugali) yenu, atasema kampuni ni familia. Ndani ya bahasha mna dola 100 au 200, na karatasi ya kusaini.

Pesa ya dawa pokea, maana kidonda hakingoji. Lakini andika risiti inayosema pesa hiyo ni ya nini: "msaada wa matibabu, tarehe fulani." Karatasi ile nyingine soma. Ikiwa na maneno *solde de tout compte*, inasema mmemalizana, huwadai tena kitu. Ikisema uliumia nyumbani, au siku nyingine, basi huyo mgeni amekuja kufanya kile nilichokifanya mimi kwa kirekta, ila anataka mkono uwe wako. Mwambie utaisoma na mkubwa wa familia na kumpa jibu kesho. Mtu mwenye nia njema hubisha hodi na kesho.

Bahasha ni ndogo kwa sababu hii: inalipia leo tu. Haki yako inalipia na miaka. Kwanza matibabu: daktari, upasuaji, dawa, kulazwa, mguu au mkono wa bandia ukihitajika, na usafiri. Pili, siku zote ambazo huwezi kufanya kazi, unapata theluthi mbili ya mshahara. Kwa yule wetu wa dola 300 ni dola 200 kwa mwezi mzima. Siku ya ajali yenyewe inalipwa na patroni kama siku ya kazi. Tatu, ukipona lakini mwili haukurudi kama ulivyokuwa, daktari anapima ulemavu kwa asilimia. Ulemavu mdogo hulipwa mara moja. Ulemavu mkubwa hulipwa kama renti, kipindi kwa kipindi, maisha yako yote. Ukizidiwa baadaye, unaweza kuomba upimwe upya.

Na wakati wote huo kontra inasimama, haikatiki. "Usipokuja siku ya kwanza ya wiki, usije tena" ni maneno ya shefu, hayamo kwenye kodi ya kazi.

Kutangaza

Ajali inatangazwa na patroni, CNSS na kwa inspekta wa kazi, na muda anaopewa ni wa siku chache. Usimngoje kwa imani. Siku mbili tatu baada ya ajali, wewe au ndugu yako mpeleke barua kazini, kopi mbili. Moja wanabaki nayo, nyingine wanaipiga mhuri na tarehe na kukurudishia. Wakikataa kupiga mhuri, andika chini ya kopi yako: "Wamekataa kupokea, tarehe fulani, saa fulani, mbele ya fulani." Barua ina mambo yale yale ya ujumbe wa simu, na ombi la kupewa kopi ya tangazo.

Usipopewa, chukua faili lako na uende mwenyewe CNSS, ueleze kwamba patroni hajatangaza. Kisha kwa inspekta wa kazi. Patroni ambaye hakukuandikisha kabisa hajajiokoa kwa hilo, amejiongezea kosa. Na kama ajali ilitokea kwa uzembe wake ulio wazi, kuna pia kifungu cha 258 cha kodi ya kiraia, kitabu cha tatu: anayemletea mwenzake hasara kwa kosa lake analazimika kuilipa. Hapo tafuta mwanasheria, au delege wa sendika anayemjua mwanasheria.

Kwa inspekta hakuna haja ya maneno makubwa. Vaa vizuri, fika mapema, sema kwa mpangilio wa saa. Ataita pande zote mbili. Mkikubaliana, inaandikwa PV, yaani karatasi rasmi ya yaliyosemwa, ya mapatano. Msipokubaliana, PV ya kutokubaliana. Patroni asipokuja, nalo linaandikwa. PV hiyo itunze kama hati ya kiwanja, kwa sababu korti ya kazi haikupokei kabla hujapita kwa inspekta. Madai yanayotoka kwenye kontra hufa baada ya miaka mitatu, na ya mshahara baada ya mwaka mmoja. Usiseme utaanza baada ya mavuno.

Mtu akifa

Nitasema kwa ufupi. Mjane, watoto, na wakati mwingine wazazi wana haki ya renti, na kuna msaada wa maziko. Lakini ofisi haitambui machozi, inatambua karatasi: cheti cha kifo, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Ndoa ya kimila iliyotolewa mahari yote lakini haikuandikishwa kwenye komini humpa mjane safari ndefu, tena wakati shemeji wanachukua godoro. Mtoto huandikishwa ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Baba mwenye kazi ya hatari na watoto watatu wasio na cheti, fanya hili wiki hii, hata kabla ya kununua glovu.

Kurudi kazini

Usirudi kwa sababu shefu amepiga simu. Rudi na karatasi ya daktari inayosema umepona, au inayosema umepona kwa kiasi gani na kazi ipi huiwezi. Ukirudi bila karatasi na maumivu yakaanza tena, watasema hiyo ni ajali nyingine, tena ya nyumbani.

Yule kijana alirudi baada ya miezi minne, na vidole vitatu mkono wa kushoto. Walimlipa theluthi mbili kwa miezi yote na hospitali yote, na faili la ulemavu likapelekwa CNSS. Karatasi zake alizitia kwenye mfuko mtupu wa unga wa kilo 5, akaufunga kwa waya, maana nyumba yao inavuja.

Mwezi uliofuata, kontra yangu ilifika mwisho na hawakuiendeleza. Daftari nililiacha mezani, na ile kalamu. Kirekta niliondoka nayo. Iko kwenye kabati, imekauka. Siku hizi Jumamosi asubuhi nakaa chini ya mwembe wa jirani, na watu wanaleta mifuko yao ya unga. Swali langu la kwanza kwa kila mmoja ni lile lile: ilikuwa saa ngapi, na ni nani aliyeandika?